Wifi Yako Ndani ya Kabati

Ghorofa ya pili, nyuma ya gereji,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, anakwenda dukani na kurudi bila fimbo. Fimbo yenyewe sasa ni ya kuwatishia wajukuu. Kifungua mimba wetu ameota ndevu chache na anazichana kila asubuhi. Kitinda mimba ameng'oka jino la mbele, kila neno linatoka na upepo.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Nyumba hii siku hizi haipigiwi kelele ovyo, utaelewa.

Nilikwambia kwamba ile zahanati ambako wifi yako alikuwa mapokezi ilifungwa. Nilidhani atapumzika kidogo, kisha atafute mapokezi pengine. Kumbe mwenzangu ana yake. Mgonjwa mmoja wa zamani, mtengeneza matangazo, aliwahi kumwambia kuwa sauti yake ni mali. Basi akanunua kipaza sauti cha mtumba, akasogeza makoti yangu kabatini, akabandika vipande vya godoro bovu pande zote, akaingia na kigoda na kufunga mlango. Amejiajiri. Anasoma matangazo, hadithi za watoto, hata maelezo ya kutumia mashine ya kufulia. Anabishana bei na watu asiowajua, na anashinda.

Mwanzoni tulimcheka. Alituma sampuli huku na huku, kimya. Mama akamwuliza kama makoti yanalipa mshahara mzuri. Lakini usione vyaelea, dada. Alikuwa akirudia sentensi moja ya tangazo la sabuni mpaka kitinda mimba akaikariri na kumsomea mwalimu wake darasani. Hatimaye kampuni ya maji ikamchukua. Sasa ukipiga simu kulalamika kwamba bomba limekauka, wifi yako ndiye anayekuomba usubiri.

Akirekodi, hakuna ruhusa ya kukohoa. Feni inazimwa, na jokofu pia, kwa sababu linanguruma. Siku moja tulisahau kuliwasha, asubuhi tukakuta nyama imeoza na maziwa yameganda. Nilipoanza kulalamika akaniwekea kidole mdomoni, eti anapumzisha koo. Yaani watu wote wanasemeshwa kwa upole, mimi nasemeshwa kwa vidole.

Dada, sitakuficha, naona wivu. Utaniambia wivu ni kidonda. Mimi nimeshakonda tayari. Yuko mteja mmoja niliyempachika jina Bwana Tabasamu, kwa sababu kila akipiga simu utamsikia, "Dada yangu, hebu ongeza tabasamu kidogo kwenye sauti." Naye anaongeza! Mwanamume nisiyemjua sura anamwagiza mke wangu atabasamu, na mke wangu anatabasamu katikati ya makoti yangu. Mimi nikimtania, anasema mashavu yamechoka.

Tena namwonea wivu yeye mwenyewe. Mimi bado niko stoo, nahesabu bolti na mikanda ya mashine, na bosi ananiita "wewe wa stoo". Yeye juzi alimkatalia mteja kazi. Alimkatalia akiwa na kandambili miguuni, kisha akaendelea kumenya vitunguu. Mimi sijawahi kukataa hata zamu ya sikukuu.

Nilijaribu na mimi. Ilihitajika sauti ya baba anayempongeza mwanawe kwa kufaulu mtihani, nikajitolea. Bwana Tabasamu akasikiliza, akajibu kwa heshima zote kwamba huyu mzee anasoma kama anatangaza msiba. Watoto walilidaka hilo. Nikiomba chumvi mezani, wananipa pole.

Na hili libaki kati yetu. Mchana, nikiwa stoo peke yangu, huwa napiga simu kampuni ya maji. Sina shida ya maji. Ananiambia, "Tunathamini uvumilivu wako," nami navumilia, mpaka mtu anapokea na kuuliza anisaidie nini. Hapo nakata.

Sasa neno lenyewe. Bwana Tabasamu amempa kazi kubwa, kusoma masomo ya shule za msingi, yote. Haifanyiki kabatini, inataka studio, na studio iko huko kwenu, karibu na nyumbani kwako. Ni miezi mitatu. Mama atabaki na wajukuu, mimi nitapika, Mungu awahurumie. Ataikubali tu iwapo utampokea, na ameniomba mimi nikuandikie kwa kuwa wewe ni damu yangu. Kalamu na karatasi kanipa yeye.

Nilipokaa mezani, dada, nilikusudia kukuomba useme huna nafasi. Useme ndugu wa shemeji wamekuja, nyumba imejaa. Nakujua, ungenifichia siri. Angesikitika siku chache, akarudi kabatini, nami ningebaki na mke wangu. Nilianza kuandika hivyo, nikachana, nikaanza tena. Wakati huo yeye alikuwa akijizoeza somo la kwanza, akakosea, akacheka peke yake, akaanza upya. Miaka yote ya zahanati alirudi na miguu iliyovimba na mdomo uliofungwa. Wivu haukuniacha, lakini mkono ulikataa kuandika uongo.

Kwa hiyo mpokee. Mpe chumba cha nyuma, mbali na barabara. Usimwache aoshe vyombo vya nyumba nzima, anapenda kujipendekeza kwa mawifi. Na Bwana Tabasamu akija kumchukua kwa gari, shemeji atoke nje amsalimie, asimame wima, na ikiwezekana akohoe.

Wasalimie wapwa zangu wote, na yule jirani yako fundi cherehani. Mama anakubusu, anasema ule, usijinyime. Mungu akulinde, aibariki nyumba yako na kila anayelala ndani yake.

Jambo la mwisho. Ukimsikia anacheka kwenye simu, na si mimi niliye upande wa pili, usiniambie.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kisirani