Hedimani Hayupo Hapa

El Wak,
Wilaya ya Mandera,
14 Machi, 1949.

Mpendwa abti yangu Hared,

Assalaam aleikum warahmatullah. Nakuandikia nikiwa mzima, ila mgongo unaniuma na kucha mbili za mguu zimeng'oka. Wewe je, abti? Kile kifua chako kimetulia? Fatumo na watoto hawajambo huko Garissa? Nasikia mto umepungua. Sisi huku tunauonea wivu hata huo uliopungua. Mama, dada yako, hajambo. Ngamia wamekonda lakini wapo, alhamdulillahi.

Barua yako ilifika kwa lori la sukari, nami nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikaona haya, ya tatu nikacheka pale uliposema nimekupaka matope mbele ya Bwana DC. Abti, matope unayoyajua wewe ni ya maneno tu.

Najua ulivyohangaika. Wewe ndiye uliyelitaja jina langu ofisini, kwamba mpwa wako alikuwa askari wa Keya, anajua Kiswahili, anafaa kuwa hedimani wa serikali hapa kwetu. Nami nilikubali, sikatai. Nilinunua hata koti. Mama alikwishaanza kuwaambia wanawake wenzake wamwite mama wa hedimani, nao wakamwita, wengine kwa kejeli. Ndiyo maana nataka usikie habari kutoka kwangu, si kwa Korane, ambaye ndiye anayeivaa kofia ya uhedimani sasa.

Unakikumbuka kisima cha Yarow, babu wa mke wangu Sahara. Mvua ya vuli ilikijaza udongo mpaka juu. Watu wa manyata yetu wakawa wanaomba maji kwenye visima vya wengine, na unajua mwenye kuomba hunywesha wa mwisho. Ngamia walikuwa wakingoja siku saba, nane, wanalia. Nikateremka na wanaume saba kukizibua. Tulisimama mmoja juu ya mwingine tukipokezana ndoo za ngozi, na wa chini kabisa ni mimi, kwa kuwa kushikiza kuta za udongo nilijifunza kwenye mahandaki ya vita, kule Bama.

Shemeji yangu Olow aliniuliza nafaidika nini. Kwetu kisima hubaki na jina la aliyekichimba kwanza. Ukizibue mara mia, uvunjike mgongo humo, bado ni cha Yarow. Alisema kweli. Nikamwambia alete ndoo.

Siku ya baraza la Bwana DC, la kunisimika uhedimani, nilijiambia nitapanda adhuhuri, nioge, nivae koti. Asubuhi hiyo mchanga ukaanza kuwa baridi miguuni, dalili kwamba maji yako karibu. Hapo ndipo pabaya, maana ukiacha ukuta bila kuushikiza unaporomoka, na kazi ya siku ishirini inazikwa. Adhuhuri ikapita. Alasiri Bwana akamtuma askari wa kilemba chekundu kunitafuta. Nilikuwa nimepanda kuvuta pumzi, udongo mweupe umenienea tangu utosini, yanaonekana macho tu. Askari akaniuliza mimi mwenyewe, kwa adabu zote, hedimani Salat yuko wapi.

"Hedimani hayupo hapa," nikamwambia.

Wallahi sikusema uongo. Wenzangu walicheka hadi ndoo zikawaponyoka. Nilimtazama akienda zake, nikangoja majuto yanishike. Hayakuja, nikateremka. Kabla ya magharibi maji yakatoka.

Unaniuliza sasa mimi ni mtu gani, bila cheo, bila mshahara, na watu wananicheka sokoni. Nimeliwaza sana swali lako. Vitani walinipa nishani na kunisifu kwa lugha nisiyoijua, nikarudi nyumbani siwezi hata kulala. Leo hanisifu mtu, na nikimaliza kazi nakula, nalala. Nataka kuwa mtu ambaye kazi yake inamtosha yeye na Mola wake. Kwangu mimi huko ndiko kufanikiwa. Korane naye afanikiwe kwa njia yake. Simwonei kijicho, ila kidogo tu siku ya mshahara.

Umesema kuna nafasi nyingine Lafey, nikujibu haraka. Nakuomba, abti, usinitafutie tena. Kuna kisima kingine cha ukoo kimejaa, na hata huyo mwenye jina lake hatumjui alikuwa nani. Naanza kesho kutwa, na safari hii tutakizungushia ukingo wa mawe kabla ya masika.

Jambo moja lilinikaa kooni, nalo ni Mama. Tangu baraza hakunisemesha siku kumi na moja. Jana alikuja kisimani na mbuzi wake, zamu yake ilipofika, nami nipo chini. Nikamsikia akiwauliza walio juu, aliye chini ni nani. Wakamwambia ni mwanao. Kisha akainama, akaita:

"Salat! Maji ni matamu. Lete mengine."

Abti, maji ya kisima kile yana chumvi tangu enzi za babu zetu. Nikamletea.

Nisalimie Fatumo, Awil na bibi Ebla. Sahara anakusalimu sana, na Olow pia. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, na akuondolee hasira juu yangu.

Ni mimi mpwa wako, akupendaye hata unapomgombeza,

Salat