Zamu ya shamba la Furaha

Buleusa, Alhamisi, 1954

Hakuna aliyekuja. Hata mumoja.

Leo ilikuwa zamu ya kulima kwa mudogo wangu Furaha. Sisi wamama wa kanisa tunalimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nilifika na jembe asubuhi, nikamukuta peke yake.

Ni juu ya ile kuku. Furaha alichinjia mizimu kuku ili wavu wa bwana yake ushike nyama, na Jumapili wazee wa kanisa wakamukataza Meza ya Bwana. Sawa. Alikosa, na mimi njo wa kwanza kumuambia, uso kwa uso, mpaka akalia. Lakini nguruwe wa pori aliyenaswa mu wavu ule, wazee walimukula. Mama Muchungaji alisifu mafuta yake.

Tulilima wawili. Kisha Furaha akaniuliza: «Dada, si wewe uliniambia niko mubaya?»

«Nilisema ulifanya mubaya. Lima.»

Mama Muchungaji akapita mu njia. «Mama Elisa, ukimusaidia unakubali zambi yake. Sisi tunamuacha kwa upendo, ili atubu.»

Upendo gani? Hakuna kati yao aliyefika kwake kumuambia kosa lake. Wamemunyima majembe tu.

Ao ni kiburi changu kinasema? Bwana, sijui. Nimeomba, na hasira haitoki.

Kesho ni zamu ya shamba langu. Najua nani atakuja: Furaha, peke yake.