Raba Iliyokatika Kwenye Pikapu ya Kimaiyo

Kuresoi, 13 Mei 2025

Mama Jepkemei,

Habari ya Lanet na kazi ya gereji? Sisi tupo, isipokuwa goti la mama yako na mvua isiyokatika. Jepkemei ni mzima, ameng'oka jino la mbele. Nakuandikia kwa sababu simu za huku hushiki tangu uhame, na sikulaumu.

Ni ile pikapu. Inatetemeka. Ikiwashwa tu, hata kabla haijaondoka, usukani unanitikisa mkono hadi kwenye kiwiko na vioo vinalia. Makanika wa sokoni amebadilisha plagi zote na bado. Mumeo Kipruto anasema ni uzee wa gari. Yeye ndiye anayeiendesha kila asubuhi, viazi nyuma, mtoto mbele, mpaka shuleni kule chini ya mteremko.

Kipruto ni mwanangu, lakini fundi wa boma hili ni wewe, hata kama unalala kwingine. Niambie niangalie nini. Hajui kama nimekuandikia.

Babako,
Kimaiyo

Lanet, 14 Mei

Baba,

Nimefurahi kukusikia. Mpe mama pole ya goti, akandwe na maji moto. Hilo jino nilitamani kuliona.

Washa gari, nenda nyuma, weka kiganja karibu na bomba la moshi. Moshi ukitoka sawasawa bila kurukaruka, injini inachoma vizuri na shida si plagi. Halafu fungua boneti. Mtu akalie usukani, akanyage breki kabisa, atie gia ya kwanza na kuachilia klachi kidogo tu. Arudie na rivasi. Wewe simama kando, kamwe usisimame mbele. Ukiona injini inainuka upande mmoja kama ng'ombe anayetaka kusimama, niambie mara moja.

Jepkemei asipande hiyo gari mpaka tujue. Sema ni wewe umeamua.

Wako,
Mama Jepkemei

Kuresoi, 16 Mei

Mama Jepkemei,

Tumeamka salama, natumai nawe pia.

Moshi unatoka sawa. Kipruto alipokuwa shambani nilimwita jirani yetu Kiplangat akalie usukani. Alipoachilia klachi, injini iliinuka upande wa dereva kisha ikaanguka kwa kishindo. Nimechungulia na tochi. Raba imekatika, chuma kinasugua chuma. Na kuna jambo jingine limenitia baridi: ilipoinuka ilinguruma kwa nguvu yenyewe, na Kiplangat anaapa hakukanyaga mafuta.

Kipruto akatukuta hapo. Akauliza nani amenifundisha hayo, nikamwambia. Alifunga boneti akasema, "Mtu aliyehama haniambii niendeshe vipi."

Babako,
Kimaiyo

Lanet, 16 Mei, jioni

Baba,

Leo sina nafasi ya salamu. Hiyo ni mauntini, ile raba inayoshikilia injini isihame. Injini ikiinuka inavuta waya wa pedali ya mafuta na gari inajikanyagia mafuta yenyewe. Fikiria hayo kwenye ule mteremko, na mzigo mgongoni.

Ficha ufunguo. Mpe Kipruto simu nizungumze naye, hata akinitukana. Aliniambia nichague gereji au yeye, nikachagua gereji. Anikasirikie kwa hilo apendavyo. Lakini asimbebe mtoto kwenye hiyo gari.

Mama Jepkemei

Lanet, 17 Mei

Baba, nimepiga tangu asubuhi, simu haiingii. Ufunguo uko wapi?

Lanet, 19 Mei

Leo ni Jumatatu, milango ya shule imefunguliwa na sijui mtoto wangu amefikaje. Baba, nijibu. Neno moja.

Kuresoi, 20 Mei

Mama Jepkemei,

Mtoto ni mzima. Nimeanza na hilo kwa makusudi.

Stima ilipotea tangu Ijumaa, simu ikazima. Maneno yako yameingia yote leo kwa pamoja.

Ufunguo nilikuwa nimeuficha hata kabla ya kusoma neno lako, ndani ya gambuti langu la shambani, kumbe Kipruto alikuwa na mwingine. Jana asubuhi alipakia viazi, akamweka Jepkemei mbele. Nikasimama mbele ya gari nikamwambia akitaka kupita apite juu yangu. Akafungua mlango, akamteremsha mtoto. "Mchukue, basi," akasema, akaondoka na gari peke yake.

Kwenye mteremko injini iliruka, waya wa mafuta ukakwama na gari ikazidi kasi. Breki zikashindwa na mzigo. Alizima ufunguo, akaiegemeza gari kwenye ukingo wa udongo kushoto mwa barabara. Yeye amevunjika mkono. Upande wa abiria umebonyea mpaka katikati ya kiti. Nimekiangalia hicho kiti mara moja tu, sitarudia.

Leo Kipruto aliniomba simu, akaandika, akafuta, akanirudishia. Akasema nikuulize raba mpya inakazwa boliti ipi kwanza. Sidhani hilo ndilo alitaka kuuliza.

Babako,
Kimaiyo

Lanet, 20 Mei

Baba,

Asante kwa kuanza na mtoto. Niliposoma mstari huo nilikaa chini kwenye sakafu ya gereji, grisi na yote. Asante pia kwa kusimama pale mbele ya gari. Sijui nitakulipa na nini.

Mwambie Kipruto asiguse boliti yoyote. Nina mauntini mpya na waya mpya. Kesho nakuja. Nitainua injini mwenyewe, yeye atashika tochi kwa mkono uliobaki, na tusiongee mengine.

Nikimaliza nitaondoka na Jepkemei. Chumba changu ni kimoja, lakini shule iko karibu na tutaenda kwa miguu. Najua nyumba yenu itakuwa kimya, na kati ya wote wewe ndiye usiyestahili kutendewa hivyo. Nimelifikiria na bado nakuja kumchukua.

Mama amwandalie mtoto sweta zake. Usimwambie kwa nini. Nitamwambia mwenyewe.

Binti yako,
Nekoye