Koo la Kondoo

Jumatatu, 5 Machi 1906
Watoto wanne asubuhi. Uzito, joto, urefu, vyote daftarini. Wa nne amenikosesha raha. Miezi mitatu, mwili wa siku kumi. Ulimi nje, kitovu kimetokeza, ngozi baridi kama mtungi. Nimemfinya unyayo. Hakulia. Mama yake, jina lake Sikujua, akatabasamu kwa fahari. Anamwita Kimya.

Bwana Daktari, kabla homa haijampeleka pwani, alinionyesha picha ya mtoto kama huyu. Kuna tezi kooni. Ikilala, mtoto naye hulala: hakui, halii, akili haiamki. Ameniachia mizani, daftari na chupa ya vidonge vya tezi ya kondoo iliyokaushwa. Mama mtu naye ana rovu, uvimbe wa tezi hiyo, shingoni. Nimeutambua ugonjwa papo hapo. Nimefurahi, Mungu anisamehe, kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Jumanne, 6 Machi
Nimemweleza mama mtu. Dawa itamwamsha mtoto. Atanyonya, atanenepa, atalia. Niliposema atalia, akamfunga mgongoni akaondoka. Hata kwaheri hakuna. Sasa nimesema nini kibaya?

Alhamisi, 8 Machi
Nimemkuta anachota maji mto Lumemo. Shikamoo yake ilikuwa ya kunifukuza. Sikufukuzika.

Mwaka jana askari wa boma la Wadachi walipochoma vijiji, alijificha na wenzake kwenye matete ya Kilombero. Mtoto wake wa kwanza alilia kwa njaa. Alimziba mdomo mpaka askari wakapita. Alipoondoa mkono, hakuwa na mtoto tena. Huyu wa pili kamzaa huko huko, na halii. Wenzake wote wanampenda. Kila askari wakisikika wanarudi mateteni, naye Kimya analala tu.

Nimerudi nikawafokea wagonjwa bila sababu.

Jumamosi, 10 Machi
Daftari la Bwana linasema kila wiki inayopita huondoka na akili ambayo hairudi. Bwana angeitia dawa kwenye maziwa kwa siri, basi. Hata mimi naweza. Nimesaga kidonge kimoja, nikakaa nakitazama.

Mimi niliyanywa yale maji ya vita. Bwana hajui. Kaka yangu alikunywa katika kibuyu hicho hicho, akaambiwa risasi zitageuka maji. Hazikugeuka. Nimeumwaga ule unga. Mtu hatapewa dawa kwa uongo tena, si kwa mkono wangu.

Jumatatu, 12 Machi
Nimemwambia Sikujua yote, hadi habari ya kondoo. Amecheka mpaka akashika mbavu.

“Koo la kondoo! Mjomba, kondoo si hufa kimya? Ukitaka mtoto alie, si ungempa la mbuzi?”

Nami nimecheka, maana kasema kweli. Kisha akauliza kama bila dawa mtoto atatembea. Nikasema sidhani. Je, ataniita mama? Nikasema sidhani. Akanyoosha kiganja.

Nimemfungia vipande vya robo kidonge kwenye karatasi, thelathini. Kila siku kimoja, kisagwe, kichanganywe na maziwa yake. Cha leo kampa mbele yangu. Vya kesho hakuahidi.

Ijumaa, 16 Machi
Askari wamepita kuelekea mtoni. Vijumba vya Lumemo vitupu, moto bado unafuka mekoni. Sikujua na mtoto wake hawapo.

Siku tano tu. Dawa haijaanza kazi, najipa moyo. Halafu naona haya. Mganga gani huyu anaomba dawa yake isifanye kazi?

Jumapili, 25 Machi
Mvua. Mto umejaa. Hakuna habari. Kama anampa, sasa mtoto anaamka. Nimesikia bunduki mbili, mbali. Nimemlaani Bwana, vidonge, na kondoo wote wa Ulaya. Naomba alie. Naomba asilie. Mungu achague mwenyewe.

Jumatano, 4 Aprili
Bado. Nimepima watoto wawili na kukosea wote wawili.

Jumanne, 10 Aprili
Nimemsikia kabla sijamwona. Sauti ya kukwaruza, kali, ya hasira.

Sikujua amekonda, matope mpaka magotini. Anasema mtoto alianza kulia wakiwa mateteni, askari ng'ambo ya maji. Wenzake wakamwambia amzibe. Hakumziba. Alimpa ziwa, mtoto akalinyonya kwa nguvu mpaka askari wakaondoka. Asubuhi wenzake wakamwambia asirudi nao tena. Amekuja peke yake, siku mbili majini. Nimempa nafasi jikoni kwangu.

Karatasi zimekwisha, akasema, akanyoosha kiganja. Nimemfungia nyingine.

Kisha tukamlaza mtoto kwenye mizani. Alirusha miguu, akapiga kelele mpaka ulimi mzima ukawa mwekundu. Tulisubiri, mama yake na mimi, hatukumbembeleza.

Uzito: sikuupata. Mizani haikutulia.