Nilikutubia kwa Kiingereza

Bellevue, Johannesburg
Julai 2018

Mama,

Tumekuzika Jumamosi. Kwaya imekuimbia kama ulivyotaka, ila Mama Leonia aliishika ile sauti yako ya pili vibaya mno, ungecheka. Mdogo wangu Neema alipewa ua alitupe kaburini, akakataa. Analala nalo. Ananiuliza kwa Kiingereza utarudi lini, namjibu kwa Kiswahili ili azoee, na yeye ananikasirikia.

Lakini sikuandikii habari za maua. Nina hasira, Mama, na wewe ndiye pekee ninayeweza kumwambia bila kuambiwa nipige magoti niombe.

Ulikufa ukiwa umetengwa. Wewe ulilizoea neno hilo, mimi sikulizoea hata siku moja. Ulipoonekana una mimba ya Neema uliitwa mbele ya kanisa, ukavuliwa kitambaa cha kwaya kichwani, ukapelekwa benchi la nyuma, karibu na mlango, pale baridi ya ngazi inapoingilia. Hakuna Meza ya Bwana, hakuna kuimba. Walisema utarudishwa kundini siku utakayotubu na kumtaja mwanamume. Kutubu ulitubu. Kumtaja ukakataa. Basi ukakaa pale pale hadi Neema akajua kusoma namba za nyimbo ubaoni.

Na nani alikuvua kile kitambaa? Mzee Yona, mzee wa kanisa anayeshika mambo ya nidhamu, yule aliyekuwa akija kwetu kuwaombea wajane. Baba wa Neema. Naona aibu kwa ajili yake nikiandika, maana yeye hana. Uliniambia hospitalini, umenishika kidole kimoja kwa sababu nguvu zilikuwa zimekwisha, na kabla sijafungua mdomo ukasema, "Wachana naye, mama. Mungu anamujua." Sawa, Mungu anamjua. Kwaya haimjui. Mkewe hamjui. Na mimi si Mungu, sina uvumilivu wake.

Ulipofariki, Mchungaji alikuja nyumbani na Mzee Yona. Mchungaji alisema kwa upole kabisa kwamba aliyetengwa hawezi kuzikwa na kanisa, labda ndugu wa damu atubu kwa niaba yake mbele ya watu. Mzee Yona alikuwa amekalia kiti chako, kile walichokuwa wakikalia wateja ukiwasuka, anatikisa kichwa kwa huzuni. Ni yeye aliyenifundisha maneno ya kusema: "Mama yangu alianguka peke yake, kwa tamaa yake mwenyewe." Peke yake! Kama vile Neema alishushwa na teksi mlangoni.

Nilikubali. Usinishangae. Uliogopa kuzikwa kimya kimya kama mtu asiye na watu, na mimi nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo wao walilisahau. Kanisani mkalimani ni mimi. Kila Jumapili nasimama kando ya Mchungaji, yeye Kiswahili, mimi Kiingereza, kwa ajili ya vijana waliozaliwa huku ambao Kiswahili kinawaingia nusu nusu. Wazee wetu, Mchungaji akiwemo, wewe unawajua, Kiingereza chao ni cha kuuliza bei na kumwambia dereva wa teksi "after robot", awashushe baada ya taa za barabarani.

Nikapiga magoti mbele ya jeneza lako. Nikasema kwa Kiswahili neno kwa neno, kama nilivyofundishwa, nikasikia wanawake nyuma yangu wakiguna kwa kuridhika. Halafu, kwa kuwa vijana nao walipaswa kuelewa, nikajitafsiri mwenyewe. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mama yangu hakuanguka peke yake. Kwamba mwanamume aliyempa mimba ndiye aliyemvua kitambaa mbele yenu. Kwamba amekaa benchi la mbele, suti ya kahawia, na muda si mrefu atalibeba jeneza hili.

Nikanyamaza, kama ninavyonyamaza nikimaliza kila sentensi ya mahubiri. Na wazee wakaitikia kama wanavyoitikia kila mara: Amina. Mzee Yona sauti yake ilizidi zote.

Mama, ile Amina nimeila nikashiba!

Upande wa vijana hakuna aliyeitikia. Walikuwa wanamtazama. Binti yake Esta alikuwa katikati yao, akamwangalia baba yake kwa muda, akachukua mkoba, akaenda kukaa kwenye benchi lako la nyuma. Esta sikumkusudia, na hapo panauma kidogo. Kidogo tu. Baba yake alilibeba jeneza bila kujua kwa nini vijana walikataa kushika upande wa pili.

Sasa anajua. Jana wamerudi. Mchungaji anataka tuyamalize humu ndani, eti watu wa nje watatucheka. Mzee Yona safari hii hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Kwa Kiswahili hakuna kitu ulisema. Waambie vijana ulikosea kutafsiri, basi, inaisha." Nikikubali, toba yako inabaki na jina lako linasomwa pamoja na waumini waliolala. Nikikataa, unahesabiwa umekufa nje ya kundi, na Neema hataruhusiwa kuimba na watoto wenzake. Neema alikuwa amesimama nyuma ya sketi yangu. Hakumwangalia hata mara moja, huyo baba.

Najua ungesema niwachane naye. Umekuwa ukisema hivyo maisha yako yote, na ulipata nini? Nilikutii katika mengi, hili sitakutii. Nisamehe mimi, Mama, maana yeye simsamehe. Labda siku moja. Sina haraka.

Lala salama. Nywele zako bado ziko kwenye kitana na sitaki mtu akiguse. Nakuahidi mambo mawili tu. Neema hatapiga magoti mbele ya binadamu yeyote kwa kosa la kuzaliwa. Na Jumapili nitasimama pale mbele, mkewe akiwa amekaa, Esta akiwa amekaa, nilitaje jina la baba wa Neema kwa Kiswahili.

Mwanao,
Mwamini