Kibuyu Alichokikataa Tluway

Mjukuu wangu Emanueli,

Hapa kijijini Daa tu wazima, na yule ng'ombe mwekundu kazaa. Unauliza uwajibu nini wenzako chuoni wanaokuita mtoto kwa kukataa pombe. Nikusimulie kisa kimoja.

Miaka ya sabini nilirudi likizo na Tluway, mwanachuo mwenzangu. Majirani walikuja kutulimia, na kwa desturi tukawapikia pombe. Ilikuwa ya wazee tu, lakini baba akatunyooshea kibuyu: "Wasomi si watoto tena, kunyweni."

Nikanywa kwa heshima, nikalala palepale kwenye matuta. Nilipozinduka, baba alikuwa kando yangu analia kwa kunipa kibuyu kile. Kosa lake au langu?

Ila Tluway alikikataa kibuyu kilekile, akalima sehemu yake na yangu. Hakuna mzee aliyemwita mtoto.

Babu yako, anayekuwaza.