Mnyororo Mmoja Ukikatika

Johari, nimefukuzwa kazi sasa hivi! Niko nje ya geti hapa Likoni, nina hasira, wala si woga.

Ni ile meli ya kuhifadhi mafuta, inayoelea kule nje kwa minyororo minne. Leo wenye mali walikuja kusikia kama minyororo inaaminika. Mansur, bosi wetu, akawaambia kila mmoja umevutwa ukashika. Kila mmoja peke yake, tena bahari shwari!

Nikamuuliza mbele yao: "Na mmoja ukikatika wakati wa kusi, bahari imechafuka, hiyo mitatu itaihimili meli?"

Mansur akawasogezea wageni sambusa.

Nikasema, "Hata jeneza, mbebaji mmoja akijikwaa, lazima waliobaki waliweze."

Shoga, jeneza! Mbele ya wageni! Mansur akanifokea: "Wewe hata kuogelea hujui!"

Hata kuogelea! Nikamjibu, "Ndiyo maana nataka kupima vizuri."

Akanambia nitie sahihi yangu ya mkaguzi kuwa meli iko salama, ama nivue kofia ya kazi niende zangu. Nikaivua, nikaibwaga juu ya sambusa za wageni.

Sasa sikia. Habari zishamfika Lewa, nahodha wa ile meli. Amenipigia: "Dada Safa, ungekuwa wewe, ungelala humu leo?"

Nikamwambia wallahi silali.

Wanashuka wote, Lewa na mabaharia wake! Naiona boti yao inakuja. Na Mansur anapiga simu mfululizo, ati nirudi tuzungumze.

Sipokei. Kama anaiamini minyororo yake, kitanda cha Lewa ki wazi.